Bwana Msa, Mbona Ulituacha na Maiti?

Ukianza kumsoma Bwana Msa na ukavumilia mpaka kitabu cha saba, utafika mwisho ukiwa na kitu kimekukaa kooni. Umecheka, ndiyo. Kiswahili kimekubamba, ndiyo. Lakini yule mpelelezi uliyemfuata tangu mwanzo ameenda wapi?

Tuanze na sifa, maana anazistahili. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa 1918, alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikachapishwa 1960. Tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa ameuawa mahali pa mizimu. Watu wako tayari kusema wazee wa kale wamekasirika, basi, mambo yaishe hapo. Bwana Msa anakuja na kiko chake na rafiki yake Najum, anatazama vitu vidogo ambavyo wengine wamevipita, na anakataa kuwasingizia mizimu kazi iliyofanywa na binadamu. Ndiyo, ni binamu wa Sherlock Holmes, na Najum ni Watson wa Unguja. Hilo halina aibu.

Msomaji wa Nakuru hahitaji kufafanuliwa hadithi hii. Sisi tuna Menengai. Tumelelewa na stori za watu walioingia kule kreta wakapotea, eti mashetani wamewachukua. Wakikuyu wanapaita Kirima kia Ngoma, mlima wa mashetani. Stori za namna hiyo ni tamu jioni, lakini pia zina kazi nyingine: zinamfaa sana mtu ambaye hataki maswali. Mzimu hauitwi polisi kuandika taarifa. Abdulla alilijua jambo hilo, ndiyo maana kitabu cha kwanza bado kina makali. *Kisima cha Giningi* cha 1968 kilishika njia hiyo hiyo. Giningi, katika masimulizi ya visiwani, ni makao ya wachawi, na hapo tena hofu ya wachawi inakutana na mtu mwenye akili ya kuuliza.

Halafu inakuja miaka ya sabini, na vitabu vinaanza kumiminika: *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976). Vinne ndani ya miaka minne, kutoka kwa mtu aliyechukua miaka minane kati ya cha kwanza na cha pili. Na swali linabadilika. Mwanzoni lilikuwa "nani ameua?" Sasa ni "nani ni mtoto wa nani?" Urithi, ndoa za siri, watu wenye sura zinazofanana, ukoo uliofungana mafundo mpaka unatafuta kalamu na karatasi uchore nani kamzaa nani. Fundo likikaza kabisa, sadfa inaingia kulifungua. Msomaji wa hadithi za upelelezi ana haki moja tu, apewe dalili zile zile alizopewa mpelelezi. Hapa mara nyingi hapewi. Anaambiwa.

Hilo ndilo lalamiko la kawaida, na ni la haki. Langu ni zito zaidi kidogo. Linahusu kalenda.

Kati ya *Mzimu wa Watu wa Kale* na *Duniani Kuna Watu*, Zanzibar ilipita kwenye Mapinduzi ya Januari 1964. Aprili 1972 Rais Karume akapigwa risasi. Mwaka uliofuata Bwana Msa anarudi, na Unguja anayotembea ndani yake kwa sehemu kubwa ni ile ile ya zamani, ya mashamba na matajiri, kana kwamba saa ya ukutani ilisimama. Mpelelezi alipunguza kushughulika na maiti wakati ambapo maiti walikuwa wamekuwa wengi.

Usidhani ni shida ya Wazanzibari peke yao. Vitabu hivi vya miaka ya sabini vilichapishwa Nairobi na East African Publishing House. Machi 1975, J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini ambaye kwake kulikuwa hapa karibu, Gilgil, aliuawa na mwili wake ukapatikana Ngong. Bunge likaunda kamati, kamati ikachunguza, ripoti ikatoka mwezi wa Juni. Hakuna aliyefungwa kwa kumuua. Na mwaka huo huo, duka la vitabu lilikuwa na Bwana Msa mpya: mke mmoja, waume watatu. Fikiria msomaji wa Gilgil akikifungua.

Utaniambia, wewe naye, mtu akitaka kuandika vichekesho si aachwe? Kuandika habari za mauaji ya kweli Zanzibar ya 1973 haikuwa mchezo. Nakubali. Tena nitamsaidia kumtetea: swali la nani ni mtoto wa nani, na nani arithi shamba, halikuwa dogo pale. Watu walikufa kwa sababu ya ukoo na ardhi. Baada ya 1964 serikali ilichukua mashamba makubwa. Kwa hivyo vitabu hivi havikosi uzito. Vinazunguka kidonda kile kile. Kinachoniuma ni kwamba vinafika karibu nacho, unakaribia kukigusa, halafu mtu anafanya kichekesho na ukurasa unageuka. Bwana Msa, ambaye aliwakatalia mizimu, anaacha kukataa.

Wenzake wa bara hawakutuokoa sana. Willy Gamba wa Elvis Musiba aliingia mwaka 1974 na *Kufa na Kupona*, mwenye bunduki na siasa, lakini adui wake mara nyingi alitoka nje, kwa makaburu. Kumpeleleza mtu wa nyumbani ni kazi nyingine.

Kitabu cha mwisho, *Kosa la Bwana Msa*, kilikuja 1984 baada ya kimya cha miaka minane. Jina lenyewe linakupa matumaini: hatimaye, huyu anayejua kila kitu atakosea! Lakini kosa nililokuwa nikilisubiri, lile la kuondoka mahali pa mauaji, halikuwamo. Abdulla alifariki 1991.

Sasa kazi imebaki kwetu. Agosti 2000, Padri John Kaiser alikutwa amekufa kando ya barabara, karibu na Naivasha. FBI walisema alijiua. Mwaka 2007 mahakama ya uchunguzi ikasema aliuawa. Nani alimuua, mpaka leo kimya. Tunapita hapo na matatu kila wiki tukienda Nairobi.

Kwa hivyo msome Bwana Msa. Anza na viwili vya kwanza, kisha *Duniani Kuna Watu* ukiwa na karatasi ya kuchora ukoo. Ukikasirika, vizuri. Kama wewe ni mwandishi na unakaa Lanet, Njoro au Section 58, tafadhali, usiupoteze huo ukasirikaji. Mpe Najum daftari jipya.