Vitamini D na saratani ya matiti: jaribio lilivyofanywa, na swali la Ghubra lililobaki

Mwaka 2011 jarida la kitabibu la Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos lilichapisha utafiti mdogo kutoka Hospitali ya Royal, pale Ghubra. Wanawake 41 wa Kiomani walipimwa damu. Wote walikuwa wafanyakazi wa hospitali hiyo, wazima wa afya, wenye umri wa kuzaa. Hakupatikana hata mmoja aliyefikisha nanomoli 50 za vitamini D kwa lita, kiwango ambacho chini yake mtu huhesabiwa ana upungufu. Na hii ni Maskati, ambako jua la Juni hulikimbia hata paka. Lakini ngozi haitengenezi vitamini D kwa jua la kutazamwa dirishani. Mtu anatoka nyumba yenye kiyoyozi anaingia gari lenye kiyoyozi, amejisitiri mwili mzima, na ngozi yake yenyewe ni ya maji ya kunde, inayohitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe.

Ndani ya eneo la hospitali hiyohiyo kipo Kituo cha Taifa cha Saratani, na saratani inayoongoza kwa wanawake wa Oman ni ya matiti. Kwa hiyo si ajabu mambo haya mawili yakakutana kwenye kaunta ya duka la dawa. Mama wa Kizanzibari wa Ghubra anapokea kile kidonge cha yuniti 50,000, kimoja kwa wiki, alichoandikiwa kwa maumivu ya mifupa, kisha anamgeukia bintiye: "Eti mwanangu, hichi si ndicho kinachozuia na saratani ya matiti?" Swali lake ni la haki, na wamelijaribu kwa fedha nyingi na watu wengi. Ningependa tuone walivyolijaribu, kwa sababu jibu la "hakisaidii" ambalo magazeti yalilitoa limepita mbio juu ya jambo linalowahusu hasa watu wa hapa.

Wazo lilianzia kwenye ramani. Mwaka 1980 ndugu wawili wa Marekani, Cedric na Frank Garland, walionyesha kuwa vifo vya saratani ya utumbo mpana ni vichache kwenye majimbo yenye jua kali. Miaka kumi baadaye wakasema jambo kama hilo kuhusu matiti. Maabara nazo zikatia nguvu: seli za titi zina vipokezi vya vitamini D, na zikipewa kwenye chupa hupunguza kasi ya kugawanyika. Kisha zikafuata tafiti za kupima damu, nyingi zikionyesha kuwa wenye saratani wana vitamini D pungufu.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Vitamini D huyeyuka katika mafuta, na mwenye mwili mkubwa huwa na kiwango kidogo kwenye damu. Uzito huohuo, kwa mwanamke aliyekoma hedhi, huongeza hatari ya saratani ya matiti. Anayetembea nje kila asubuhi hupata jua na hupata mazoezi, na mazoezi nayo hupunguza hatari. Mgonjwa naye hukaa ndani. Wahenga walishasema, jogoo asiwike kutakucha: mambo mawili kufuatana kila siku si ushahidi kwamba moja ndilo linaloleta jingine.

Jaribio la kwanza kubwa lilikuwa sehemu ya mradi wa Marekani wa afya ya wanawake, WHI. Wanawake 36,282 waliokoma hedhi waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa kalisi pamoja na yuniti 400 za vitamini D kwa siku, nusu vidonge visivyo na kitu. Baada ya takriban miaka saba, saratani za matiti zilikuwa 528 upande wa dawa na 546 upande wa pili. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitwa tofauti. Wakosoaji wakasema yuniti 400 ni kidogo, na wanawake waliruhusiwa kununua vitamini D yao wenyewe juu ya ile ya jaribio, kwa hiyo hata upande wa vidonge vitupu haukuwa mtupu kweli. Wana hoja. Ila mimi huona kipande cha thamani zaidi katika kazi ile ni kingine, ambacho hakikuandikwa sana. Watafiti walichukua damu iliyohifadhiwa ya waliougua na ya wenzao wasiougua, wakapima vitamini D. Mwanzoni ule uhusiano wa damu na saratani ulionekana. Walipouhesabu upya wakizingatia uzito na mazoezi, ukayeyuka.

Ndipo likaja VITAL, lililoongozwa na Dkt. JoAnn Manson wa Boston, na matokeo yake yakatoka Novemba 2018. Ufundi wake unastahili kusomwa polepole. Dozi ilikuwa yuniti 2,000 kila siku, mara tano ya ile ya WHI. Washiriki walikuwa wanaume wa miaka 50 na zaidi na wanawake wa miaka 55 na zaidi. Kabla ya kura, zaidi ya watu 39,000 walipitishwa miezi mitatu ya vidonge vitupu, kuwaona nani anameza na nani anaviacha kabatini, na walioviacha wakaondolewa. Wakabaki 25,871, wakiwemo zaidi ya 5,000 Wamarekani weusi. Kisha wakawagawa mara mbili: kura moja ya vitamini D, nyingine ya mafuta ya samaki. Wapo waliopata vyote, waliopata kimoja, na wasiopata chochote. Kwa mpango huo watu walewale hujibu maswali mawili kwa gharama ya jaribio moja.

Mpango wa kura mbili si mgeni kwetu. Kuanzia mwaka 1995 ulitumika Dar es Salaam, kwa kina mama wajawazito zaidi ya elfu moja wenye virusi vya UKIMWI: vitamini A upande mmoja, mchanganyiko wa vitamini nyingine upande wa pili. Mchanganyiko ulipunguza mimba kuharibika na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Vitamini A, ambayo wengi waliitarajia, ilionekana kuongeza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Bila ile kura ya pili, faida ya moja ingefunika madhara ya nyingine. Anayesema vitamini "haiwezi kudhuru" na aanzie hapo, kisha asome Finland, ambako mwaka 1994 wavuta sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao.

Turudi VITAL. Baada ya miaka 5.3, saratani za matiti zilikuwa 124 kwa waliopewa vitamini D na 122 kwa wasiopewa. Uwiano wa hatari ulikuwa 1.02, na mipaka yake kutoka 0.79 hadi 1.31. Namba hizo mbili za mwisho ndizo magazeti huziruka. Maana yake ni kwamba jaribio haliwezi kukataa kuwa kidonge kinapunguza hatari kwa moja ya tano, wala kwamba kinaiongeza kwa karibu theluthi. Limesema tu kuwa hakuna badiliko kubwa.

Kuna mengine mawili yaliyotajwa sana. Vifo vya saratani za aina zote vilikuwa 154 dhidi ya 187, tofauti inayovutia lakini iliyogusa mpaka wa bahati tupu. Na kwa wenye uzito wa kawaida, saratani zote kwa jumla zilipungua kwa asilimia 24. Hilo la pili nalitazama kwa jicho moja. Ukiligawa jaribio kwa umri, rangi, uzito na kiwango cha damu, bahati peke yake itakupatia kundi moja linaloonekana limenufaika. Silitupi kabisa, maana habari ya vitamini kumezwa na mafuta ya mwili ni ya kweli, lakini singemwandikia mtu dawa kwa ajili yake.

Sasa Ghubra. Wastani wa vitamini D kwa watu wa VITAL, kabla hawajameza chochote, ulikuwa nanogramu 30.8 kwa mililita. Wale wanawake 41 wa Royal wote walikuwa chini ya 20, ukigeuza vipimo. Yaani jaribio liliwaongezea watu walioshiba. Je, halikuwa na wenye njaa? Walikuwemo. Kati ya 15,787 waliopimwa damu, asilimia 12.7 walikuwa chini ya 20, kama watu 2,000. Nusu yao tuseme wanawake, 1,000. Katika jaribio zima, wanawake waliopata saratani ya matiti hawakufika wawili kwa kila mia. Kwa hesabu yangu hiyo ya haraka tunabaki na wagonjwa wasiozidi 20, kama kumi kila upande. Kumi kwa kumi hakuna takwimu itakayokuambia lolote. Tena wote wana miaka 55 na zaidi, na wanawake wa Oman huugua saratani hii wakiwa wadogo kuliko wa Ulaya na Marekani, wengi kabla ya 50.

Jaribio lililowachagua wenye vitamini D pungufu tangu mwanzo lilifanyika, na lilifanyika Dar es Salaam pia. Watu 4,000 waliokuwa wakianza dawa za UKIMWI, wote chini ya nanogramu 30, walipewa yuniti 50,000 kila wiki kwa mwezi mmoja, kisha 2,000 kila siku hadi kufika mwaka. Matokeo yalitoka 2020: vifo havikupungua, kifua kikuu hakikupungua. Halikuhusu matiti, wala mwaka mmoja hautoshi kwa saratani. Lakini limedhoofisha ile imani kwamba ukimpata mwenye upungufu tu, kidonge kitafanya kazi.

Kwa nini basi watafiti wasikusanye wanawake wa Ghuba wenye upungufu wakawagawa kwa kura? Idadi ni kikwazo kimoja, maana kwa ugonjwa unaompata mmoja au wawili kwa mia katika miaka mitano, utahitaji makumi ya maelfu. Kikwazo kizito zaidi ni cha maadili. Mwanamke ambaye kipimo kimeonyesha ana upungufu, na mifupa inamuuma, daktari gani atampa kidonge kitupu kwa miaka mitano?

Njia ya mkato imejaribiwa Marekani: badala ya kungoja saratani, pima weusi na weupe wa titi kwenye picha ya mamografia, kwa kuwa titi lenye tishu nzito lina hatari zaidi. Katika jaribio la S0812 wanawake 208 wenye hatari kubwa, ambao bado walikuwa wakipata hedhi, walipewa yuniti 20,000 kwa wiki au kidonge kitupu kwa mwaka mzima. Umri wao uko karibu zaidi na wa wale wa Royal kuliko wa VITAL. Matokeo yalichapishwa 2019. Vitamini D ilipanda kwenye damu, na picha zikabaki vilevile.