Shahidi Aliyekuwa Nje ya Boma: Carboni na Uasi wa Eureka

Kitabu cha Raffaello Carboni, The Eureka Stockade, kilichotolewa Melbourne mwaka 1855, mara nyingi husomwa kama utenzi wa kuzaliwa kwa demokrasia ya Australia. Usomaji huo hukidhulumu. Kisa chenyewe chafahamika: serikali ya koloni la Victoria iliwatoza wachimba dhahabu ada ya leseni, shilingi 30 kwa mwezi ilipoanzishwa mwaka 1851, awe mtu amepata dhahabu au ameambulia udongo. Huko Ballarat wachimbaji walidai haki ya kura, wakala kiapo chini ya bendera ya Msalaba wa Kusini, wakajenga boma. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 1854, askari walilivunja kwa dakika chache na kuua wachimbaji wasiopungua 20.

Carboni, Mwitalia, hakuwamo bomani. Alikuwa hemani mwake, nje. Nafasi hiyo ndiyo inayoifinyanga sauti ya msimulizi. Hajitwiki ushujaa. Huwakejeli maafisa, lakini hata Vern, mmoja wa viongozi wa uasi, humchora kama mtu wa majigambo matupu. Kiingereza chake kimesheheni Kiitaliano, Kilatini na Kifaransa, jambo ambalo ni rahisi kulihesabu kuwa udhaifu wa mgeni. La hasha! Kuchanganya ndimi huko ndiko kunakobeba dai la kitabu: umma wa Ballarat haukuwa wa taifa moja. Miongoni mwa washtakiwa 13 wa uhaini, ambao wote waliachiliwa mwaka 1855, alikuwamo Carboni mwenyewe pamoja na John Joseph, Mmarekani mweusi.

Je, uasi ndio ulioleta demokrasia? Rasimu ya katiba ya Victoria ilikuwa imekwisha kupelekwa London kabla ya risasi ya kwanza. Kilichobadilika upesi ni leseni, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na hati ya pauni 1 kwa mwaka iliyompa mchimbaji kura. Kura ya siri ilifuata mwaka 1856, na ya wanaume wote mwaka 1857. Peter Lalor, kiongozi aliyepoteza mkono kwa majeraha ya bomani, aliingia bungeni, kisha akawaudhi waliomchagua kwa kuunga mkono utaratibu wa kura uliowapendelea wenye mali.

Carboni anasimulia jinsi alivyowahimiza wachimbaji waisalimu bendera bila kujali taifa, dini wala rangi. Kitabu kilipotoka, sheria ya Victoria ilikuwa tayari inamtoza kila Mchina aliyewasili kwa meli pauni 10.