Mistari Miwili ya Kwanza

Mtu wa Kimilili hakumbuki siku aliyofundishwa kula ugali. Alijifunzia mapajani mwa mama: kumega, kufinyanga tonge, kulibonyeza kwa kidole gumba, kuchovya, kupeleka mdomoni. Kiharusi kikimpiga upande wa kulia, hatua hizo zote hutawanyika, na mzee aliyelima mahindi chini ya Mlima Elgon maisha yake yote akawa wa kulishwa.

Hapo ndipo mtaalamu wa tiba kazi anapohitajika. Wengi humchanganya na yule wa fiziotherapia, ambaye hushughulikia hasa misuli na viungo, kusimama na kutembea. Huyu wa tiba kazi huanza kwa swali: mzee, ungependa mkono huu ukufanyie nini kwanza?

Tuseme mzee anataka kupukuchua mahindi. Mtaalamu huivunja kazi hiyo vipande vipande. Kunatakiwa mkono wa kushika na kidole gumba cha kusukuma punje. Mkono uliopooza utapewa kushika tu, hindi likiwa limelazwa kwenye karai, na chini ya karai kitambaa chenye maji ili lisiteleze. Kabla ya kumkabidhi, mtaalamu atapukuchua mistari miwili mwenyewe. Kila mtu huku anajua kuwa mistari ya kwanza ndiyo migumu; ikishatoka, punje zilizobaki hupata pa kuangukia. Mzee akizoea, atapukuchuliwa mstari mmoja tu. Baadaye atapewa hindi zima.

Ufundi huo huo uko kwenye shati. Mkono mgonjwa huingia kwanza wakati wa kuvaa, hutoka mwisho wakati wa kuvua. Vifungo vyote hufungwa na mtaalamu isipokuwa kimoja cha mwisho, kisha viwili, kisha vitatu, ili kila siku anayemaliza kazi awe mgonjwa. Kijiko kisichoshikika huviringishiwa mpira wa tyubu ya baiskeli mpini unenepe. Ni vitu vidogo, lakini nyuma yake kuna macho yaliyozoea kuona kazi ndani ya kazi.

Mkono wa kulia ukipooza, lipo pia suala la wa kushoto. Kwetu, kula au kusalimia kwa kushoto ni utovu wa adabu, na mgonjwa huona haya hata kujaribu. Mtaalamu anayejua watu wake huwaita mke na watoto wawepo somoni, wajue kwamba baba hajavunja heshima.

Kutibu kwa kazi si jambo la jana. George Barton, mmoja wa walioanzisha chama cha kwanza cha taaluma hii huko Clifton Springs, Marekani, mwaka 1917, alikuwa msanifu majengo aliyepooza upande wa kushoto. Alijirudishia nguvu kwa bustani na useremala.

Kwangu, kilele cha ufundi huu ni kungoja. Kifungo kinakataa, jasho linamtoka mgonjwa, binti yake ananyoosha mkono amsaidie. Mikono ya mtaalamu iko karibu kabisa, na haigusi.

Kama una mgonjwa wa kiharusi nyumbani, ulizia tiba kazi hospitalini mapema, mkono usije ukakakamaa. Na siku atakapoanza kumega ugali mwenyewe, tonge likaanguka, mwache amege lingine.