Nani Anayesema "Ngoja"?

Katika mazoezi ya tafsiri hapa Kampala tumekutana tena na "udhibiti wa mtiririko". Hatuikubali istilahi hii. Inaleta picha ya msimamizi wa nje, kama askari wa trafiki pale Wandegeya. Kumbe printa ikielemewa, yenyewe huitumia kompyuta herufi namba 19 ya ASCII, yaani ngoja. Ikipata nafasi hutuma namba 17, endelea. Ndivyo imla ilivyo: anayeandika humsimamisha anayesoma. Ila ishara hizi hazina waya wa pekee. Hupita njia ileile ya data. Vifaa viwili vikipelekeana faili, namba 19 iliyomo ndani ya faili huweza kudhaniwa amri, na kazi ikakwama. Sisi tunapendekeza "kusubirishana": kauli ya kutendesha pamoja na ya kutendana, kwani kila upande unaweza kuusubirisha mwenzake.