Nakala Laini, Nakala Ngumu na Nakala Bandia: Uhakiki wa Majina ya Miongozo ya Pikipiki

Istilahi huweza kupendeza masikioni na bado ikampoteza mtumiaji. Katika makala haya tunayahakiki maneno yanayotumika kuzitaja nakala za miongozo ya matengenezo ya pikipiki. Mfano wetu ni Ifakara na Bonde la Kilombero, ambako pikipiki ni chombo cha kazi.

Daraja la Mto Kilombero, lenye urefu wa meta 384, lilizinduliwa mwaka 2018 na kupewa jina la Rais Magufuli. Tangu hapo msafiri wa kwenda Ulanga na Malinyi hangoji tena kivuko. Hata hivyo, nje ya barabara kuu zipo njia za mashamba ya mpunga, na masika huzijaza maji na tope. Huko bodaboda hubeba abiria, mgonjwa na gunia la mpunga. Maji huingia katika beringi, tope hula cheni na spoketi, na anayetegemewa ni fundi wa kando ya njia. Fundi huyo aghalabu amejifunza kwa kumtazama fundi mwenzake. Lakini yako mambo ambayo jicho haliyaoni: uwazi wa valvu, kiasi cha kukaza nati za kichwa cha silinda, ukomo wa kulika kwa viatu vya breki. Hayo yamo katika mwongozo.

Mwongozo humfikia fundi kwa sura tatu: kitabu kilichochapwa, faili katika simu, na karatasi zilizotolewa kivuli dukani. Katika ofisi zetu sura hizo huitwa nakala ngumu, nakala laini na nakala kivuli. Majina mawili ya kwanza yametafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, na maana yake haikuvuka pamoja nayo. Faili haliguswi, basi ulaini wake uko wapi? Isitoshe, Mtanzania asikiapo neno laini katika habari za simu, huwaza laini ya kupigia. Nakala kivuli, kwa upande wake, ni jina lililofikiriwa kwa Kiswahili: kivuli hufuata kitu chenyewe, na huweza kufifia. Twaona lidumu.

Kufifia huko si tashibiha tu. Tuchukue mwongozo wa Honda CG125, pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ambao huagiza uwazi wa valvu wa milimeta 0.08. Kivuli kikitolewa kutoka kivuli kingine, tarakimu 8 huweza kusomeka 3. Valvu ikibanwa kupita kiasi haifungi sawasawa injini ipatapo moto, na hatimaye huungua. Hali kadhalika mchoro wa nyaya: mwongozo hutambulisha nyaya kwa rangi, na mashine ya rangi nyeusi hugeuza zote kuwa mistari ya namna moja.

Juu ya ubishi wa faili na karatasi hatuna haja ya kukaa sana. Faili hukuza picha na hutafutwa neno kwa haraka, lakini huzimika pamoja na betri, na kioo cha simu hakipendi vidole vya oili. Karatasi hupokea maandishi ya fundi pembeni, lakini mvua huimaliza. Mwaka 2020 kampuni ya Haynes ya Uingereza, iliyoanzishwa na John Haynes mwaka 1960, ilitangaza kwamba miongozo yake mipya ya karakana itatolewa kwa njia ya dijitali, huku ile ya zamani ikiendelea kuchapwa. Sura hizi mbili zitaishi pamoja kwa muda, na kila moja yahitaji jina linaloeleweka.

Jambo zito zaidi ni neno bandia. Katika biashara ya spea, bandia ni kitu kinachojidai kuwa kisivyo, na kasoro yake ni ya ubora. Siku hizi neno hilo huhamishiwa kwenye mwongozo ulionakiliwa bila ruhusa. Hapo tunapinga. Faili lililonakiliwa bila ruhusa huweza kuwa sawa na asili yake herufi kwa herufi. Kasoro yake ni ya kisheria, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mwenye kazi haki ya kunakili na ya kutafsiri.

Kinyume chake pia ni kweli: nakala halali huweza kudhuru. Watengenezaji wengi wa Uchina waliiga injini ya CG125, ambayo husukuma valvu kwa vifimbo. Fundi mwenye pikipiki ya jamii hiyo huweza kusaidiwa na mwongozo wa Honda. Lakini Boxer ya Bajaj huendesha valvu zake kwa cheni ya taimingi. Mwongozo wa CG125, hata ukinunuliwa kwa stakabadhi, hautamfaa mwenye Boxer. Neno bandia halimwonyi, na neno halisi litamdanganya.

Huenda msomaji akasema kwamba kuacha neno bandia ni kuutetea wizi. Sivyo. Mfasiri naye huishi kwa haki hiyohiyo, na hana sababu ya kuidharau. Kulitaja kosa kwa jina lake ndiko kunakowezesha hakimu, mwalimu na fundi kulishughulikia.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. Nakala ya faili na nakala ya karatasi, badala ya laini na ngumu.
2. Nakala isiyo na idhini, kwa ile iliyovunja hakimiliki.
3. Nakala bandia, kwa ile tu iliyoghushiwa, kama vile jalada la pikipiki moja kuvishwa maelezo ya nyingine.
4. Nakala pungufu, kwa ile iliyopoteza kurasa, tarakimu au rangi.

Pamoja na hayo, tusisahau chanzo. Miongozo ya karakana inayosambaa kwa simu kwa kawaida ni ya Kiingereza. Fundi anayo tayari plagi, kabureta, klachi, gasketi na pistoni, na hahitaji tumbunie mengine. Anachohitaji ni maelezo ya Kiswahili yenye vipimo kamili, wala si "kaza vizuri". Kwa kanuni ya kimataifa, hakimiliki hulinda maelezo na michoro, lakini si vipimo wala njia ya kufanya kazi. Vyuo vyetu vya ufundi vyaweza basi kuandika mwongozo kwa maneno na michoro yao wenyewe, kwa kila aina ya injini, na kutaja juu ya jalada ni ya pikipiki ipi. Walimu na wafasiri wanaofundisha katika vyuo hivyo waanze na sura ya valvu na sura ya breki.