Bambo la Mkaguzi

Bambo ni kipande cha bomba la chuma kilichochongwa ncha. Ukilichoma kwenye gunia la mpunga, punje huteremka tumboni mwake hadi kiganjani. Mkulima wa Misungwi au Kwimba aliyeleta mpunga wake Mwanza anapokutana na serikali ghalani, hukutana nayo kwenye ncha hiyo.

Niliwahi kukaa asubuhi nzima nikimtazama mkaguzi kazini. Magunia ya mbele, yaliyopangwa yaonekane, aliyapita. Kanuni ya wakaguzi ni hii: magunia yasiyozidi 10 huchomwa yote, yakiwa 11 hadi 100 huchaguliwa 10 bila kupendelea, yakizidi hapo hutafutwa kipeuo cha pili, hivyo shehena ya magunia 400 huchomwa magunia 20. Kila gunia huchomwa juu, katikati na chini, kwa sababu mpunga unaweza kuwa mkavu mdomoni na mbichi tumboni. Alichokipata alikimwaga kwenye turubai, akakichanganya, akakitandaza duara, akaligawa robo nne. Robo mbili zinazotazamana aliziondoa, zilizobaki akazichanganya upya. Alirudia hivyo mpaka shehena nzima ikawa konzi chache. Hakuharakishwa na dereva aliyekuwa akipiga honi nje.

Kisha akatia punje moja mdomoni. Kavu hukatika kwa mlio, mbichi hubonyea. Kipima unyevu kilikuja baadaye kuthibitisha. Mpunga wa kuhifadhi unatakiwa usizidi asilimia 14 hivi. Napenda mpangilio huo, jino kwanza, kifaa baadaye, kwa kuwa jino lililozoea huhisi kosa la kifaa.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba mpunga huweza kuharibika kwa kukauka. Ukianikwa juani kutwa nzima bila kugeuzwa, kisha ukapigwa na umande wa ziwa usiku, punje hupasuka kwa ndani huku ganda likiwa zima. Kwa macho hauna dosari. Mashine ndiyo inayoufichua, maana unatoka chenga tupu. Ndiyo sababu mkaguzi alimenya punje moja moja kwa kucha, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha kutafuta ufa. Kilo 100 za mpunga mzuri hutoa kilo 65 hivi za mchele. Lakini zikiwa chenga, bei ni nyingine kabisa.

Taasisi zinazosimamia nafaka zimebadilika. Shirika la Taifa la Usagishaji lilianzishwa mwaka 1968. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulikuja mwaka 2008, na sheria ya Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko mwaka 2009. Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kupambana na lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi, kwani gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Mabadiliko hayo yote hayajapunguza haja ya mtu anayejua kuchoma bambo.

Mwishoni sampuli iliyobaki aliigawa mara mbili, akaifunga kwenye mifuko, akaandika tarehe na idadi ya magunia kwa mwandiko wa taratibu. Mfuko mmoja uliwekwa kwenye kabati. Wa pili alimkabidhi muuzaji kwa mikono miwili.

“Mama, ukiona tumekuonea, rudi na huu. Usiufungue.”