Anayechekwa ni Nani? Kejeli katika Trivia ya John Gay

Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikuandikia kwamba "mshairi anakejeli maisha ya jijini", huwa unampa alama? Mimi nilikuwa nikimpa, hadi niliposoma Trivia, shairi la Mwingereza John Gay lililochapishwa mwaka wa 1716.

Ni shairi refu lenye sehemu tatu, na linajidai kumfundisha msomaji jinsi ya kutembea katika mitaa ya London: avae viatu gani, apiteje mchana, ajihadhari na nini usiku. Aliyefundisha Utendi wa Mwana Kupona (1858) ataitambua mara moja sauti hii ya mausia. Ila kwa Mwana Kupona uzito wa sauti unalingana na uzito wa jambo, ilhali Gay anaazima adhama ya Virgil na miungu ya kale ili azungumzie matope. Kinaya cha shairi kinatokana na pengo hilo.

Hebu tuangalie suala la ukuta. Aliyepita karibu na ukuta aliepuka tope la barabarani. Nafsineni anatuusia tuwapishe vipofu, viwete na wachukuzi wenye mizigo, lakini mwenye majivuno tusimpishe ng'o. Hapa kejeli ina shabaha. Wanaolengwa ni wenye makuu, wakiwemo wale wanaopita ndani ya magari ya farasi wakiwarushia matope watembeao kwa miguu. Jiji lenyewe silioni likikejeliwa. Ukiniuliza, mshairi analipenda.

Kisha tunakutana na Doll, muuza matufaha. Mto Thames umeganda, barafu inapasuka chini ya miguu yake, kichwa kinakatika nayo sauti ingali inanadi matufaha. Gay anamlinganisha na Orpheus, ambaye kichwa chake kilielea mtoni kikimwita mkewe. Nilicheka, nikasita. Mama huyu hakumrushia mtu tope.

Unaweza kumtetea mshairi kwamba anayedhihakiwa ni Orpheus, yaani tendi za kale na mbwembwe zake. Hoja hiyo ina mashiko, lakini hainitoshelezi. Mbinu ni ileile iliyotumika penye ukuta, ila sasa gharama ya kicheko inalipwa na mchuuzi, yule yule ambaye mausia ya awali yangetutaka tumpishe.

Siku hizi nikisahihisha insha na kukutana na neno "anakejeli", ninaandika pambizoni: nani?